Springi ya Bunduki ya Silvesta

Risasi ilitoka mbele, kasha la risasi likatoka chini. Lilimwangukia Silvesta kwenye kidole gumba cha mguu, likamwaga risasi zote majanini, naye akabaki na bunduki tupu mbele ya kichaka kilichokuwa kikitikisika.

"Simba huyo!" Fatu, jirani yake, alipiga kelele kutoka nyuma ya mti. "Kimbia, Baba Dominika!"

Silvesta alikuwa askari wa nyama wa serikali, mlinzi wa wanyama wa porini, mwenye kofia na vifungo vya shaba. Alikimbia. Hakusimama mpaka alipofika Makote kijijini.

Ubovu ulikuwa kwenye springi ya kifungio, ile inayoshika kasha lisidondoke. Ilikuwa imelegea kwa uzee. Kila akifyatua, kasha linaanguka. Kwa kuwinda kanga, si neno. Kwa simba, ni msiba.

Jumbe Swalehe aliitisha mkutano. Nyayo alikuwa ameziona kwa macho yake kwenye njia ya kisimani, pana kama sahani. Kisima chenyewe kilikuwa bondeni, mwendo wa saa mbili kushuka na saa tatu kupanda, na tangu enzi za mababu walioteka ni wanawake.

"Mwanamume hamtumi mkewe kwa simba," alisema Jumbe. "Mpaka Silvesta atengeneze bunduki yake, maji tutateka sisi. Kwa mikuki na ngoma!"

Wanawake waliinamisha vichwa kwa huzuni.

Basi wanaume wa Makote wakabeba mizega, mti begani na debe kila ncha. Wiki ya kwanza waliimba. Wiki ya pili waliacha kuimba. Wiki ya tatu Jumbe aliteleza kwenye mteremko, akafika nyumbani na kikombe kimoja cha maji na matope mpaka masikioni. Hakuoga. Alikwenda moja kwa moja kwa Silvesta.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba. Springi iko wapi?"

Hakuna aliyehangaika kumsaidia Silvesta kuliko mkewe, Anastasia. Alimletea springi ya tochi. Ilibonyea, haikuinuka tena. Akamletea ya kengele ya baiskeli. Kasha likadondoka hata kabla ya kufyatua. Akaenda kwa katekista, akarudi na ya mwavuli. Hiyo ilichomoka, ikapotelea kwenye chungu cha kisamvu, na watu wakala kwa wasiwasi.

"Pole, mume wangu," alisema Anastasia. "Ndiyo yenye nguvu kuliko zote nilizopata."

Silvesta alipanda Newala mwenyewe. Fundi mmoja sokoni alimpa springi ya cherehani kuukuu. Ilishika risasi ya kwanza. Ya pili, kasha likaanguka juu ya kidole kilekile.

Akaapa. Akapanda lori la korosho mpaka Masasi, akapata jingine mpaka Lukuledi, ambako kulikuwa na Bruda mzee wa misheni aliyejua kutengeneza kila kitu kuanzia pampu mpaka meno. Bruda alibonyeza kifungio, akaguna, akaenda kufungua tumbo la kinanda cha kanisa.

"Sauti hii ya chini kabisa," alisema huku akichomoa waya, "tunaitumia kwenye mazishi tu. Na mwaka huu watu wa Lukuledi wana afya njema."

Aliukata waya, akauzungusha kwenye msumari, akauchoma moto, akaupoza kwenye mafuta. Kasha lilipoingia lilitoa mlio kama mlango wa jela. Kulitoa tena, Bruda alilazimika kuomba nyundo.

Silvesta alirudi Makote akitembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Anastasia alijaribu kifungio kwa kidole gumba. Kikagoma. Akajaribu kwa vidole gumba vyote viwili.

"Hii kweli ina nguvu," alisema polepole, akakaa chini.

"Unaniogopea, mke wangu?"

"Naogopa sana."

Kesho yake Silvesta aliteremka bondeni, wanaume wote nyuma yake na mikuki. Alifyatua mara tatu kwenye kile kichaka, na kasha halikutikisika hata kidogo. Akalala huko siku tatu. Hakusikia ngurumo. Hakuona unyayo. Siku ya nne alipanda kijijini kifua mbele.

"Amesikia mlio wa bunduki, akahama," alitangaza. "Sasa hivi yuko ng'ambo ya Ruvuma. Ni simba wa Mreno."

Wanaume walimbeba mabegani. Jumbe Swalehe aliuvunja mzega wake kwenye goti mbele ya watu, akasema kuanzia kesho akina mama warudi kisimani bila hofu yoyote. Vigelegele vilipigwa, ingawa si vingi.

Asubuhi Anastasia na Fatu waliteremka, madebe kichwani. Walipanda nayo yamejaa, mpaka mahali ambapo njia ina udongo laini, na hapo Fatu akatua debe lake chini.

"Mama Dominika, shingo yangu imeshasahau kazi hii."

"Vumilia wiki moja. Tukiwarudisha kisimani mapema mno watashuku."

"Halafu?"

Anastasia alitazama mbele na nyuma. Akachutama, akakunja ngumi, akaikandamiza kwenye udongo, kisha akatia ncha za vidole vinne mbele ya alama hiyo, kimoja kimoja.

"Halafu tuseme chui," alisema. "Nyayo zake ndogo. Hazichoshi mkono."