Barua ya Bastola ya Tahiru

Kalamu ya mama mwenyekiti wa mtaa ilisimama katikati ya sentensi: "Ninamfahamu Tahiru kama mtu mtulivu..."

Tahiru mwenyewe aliketi mbele yake, barazani, hapo mjini Koboko. Majambazi walimuua mke wake dukani, na sasa alitaka barua ya kumdhamini ili apate leseni ya bastola. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mwanangu, unalala?"

"Hapana, mama. Nikifunga macho, nasikia yeye iko naita mimi."

Mama aliifunika kalamu. Akatandika mkeka, akamvua viatu kama anayemlaza mtoto.

"Barua nitaandika. Sasa lala kwanza. Mimi iko hapa."

Alipoinama kumwekea mto, Tahiru alikuwa ameshalala, vidole vyake vimeshika upindo wa gauni la mama.

Mama hakuthubutu kuinuka.