Neno la Mama Mhanga

Hapo kale, lakini si kale sana, Nguchiro mwenye mdomo mwepesi alifanya kazi kwa Mama Mhanga, mla mchwa mwenye masikio marefu, aliyetaka kujua kwa nini ndani ya kichuguu hakuna joto. Kila Nguchiro alipotoka kupapasa kichuguu na kumletea jibu, Mhanga alimwambia neno moja tu, kwa sauti ya puani: "Rudia."

"Nikirudia tena, mama, nitageuka kichuguu mwenyewe!" alifoka Nguchiro siku moja, akaacha kazi. Tangu hapo, kila penye ngoma aliwaigizia wenzake ile sauti ya puani, "Rudiaaa," nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Hondohondo akaja akipaza sauti: "Mhanga kashinda tuzo kuu ya sayansi ya nyika nzima! Kagundua siri ya kichuguu!"

"Haya, tuigizie basi huyo bosi wako," Pimbi akamchokoza Nguchiro.

Nguchiro hakuigiza. Fahari ilimjaa kifuani, na aibu pia, maana mzaha wake lazima ulikwisha kufika kwenye masikio yale marefu. Hata hivyo akaenda kwa Mhanga, akajipenyeza kati ya wageni waliokuja kumpongeza, mkia chini.

"Hongera, mama," akanong'ona.

Mhanga akamtazama, kisha akasema kwa sauti ileile ya puani: "Rudia."

Nguchiro akageuka akimbie.

"Usikimbie, mwanangu. Hongera nimepewa nyingi leo. Hii yako ndiyo niliyokuwa naingoja."

Nguchiro akairudia kwa sauti, kisha akairudia tena bila kuambiwa.