Mwenyeji au Mgeni

Kiwanda cha korosho cha mjini kwao kilipofungwa, Lugendo alisafiri siku mbili hadi mji ambako viwanda vilikuwa vikifunguliwa kila mwezi. Langoni mwa kiwanda kimojawapo, mwanamke aliyekuwa akiandikisha vibarua aliinua uso. Alikuwa Spesioza, yule mama kutoka ng'ambo ya mpaka ambaye Lugendo aliwaongoza wenzake kumfukuza kwenye kiwanda cha korosho, wakidai wageni wanawanyang'anya kazi.

"Shikamoo, mzee Lugendo."

"Marahaba." Lugendo alishusha sauti. "Mama, siku ile tulikukosea. Mimi ndiye..."

"Kuna watu nyuma yako, mzee," alimkatiza kwa upole. "Niandike nini hapa, mwenyeji au mgeni?"

Lugendo aliinamisha kichwa. "Mgeni."

Spesioza aliandika neno hilo mbele ya jina lake, kisha akamfungulia lango.