Swali Kuhusu Stoo

Katika nchi ile, mgeni aliyetoroka mateso hupewa kibali cha ulinzi, na kila asubuhi kisanduku cha ukutani humuuliza upya yaliyompata. Akikataa kujibu, au jibu likitofautiana na la jana, kibali hufutwa.

Mwaka mzima Mwanakombo, mzaliwa wa Pangani, alijibu huku akimsuka binti yake Raiye. Alieleza tajiri aliyekuwa amemwajiri kazi za ndani alivyomnyang'anya pasipoti, alivyommwagia maji ya moto. Jambo moja tu hakumwambia mtu, kwa aibu: kwamba alikuwa akilazwa stoo, kati ya magunia ya mchele, mlango umekomewa kwa nje.

Jumatatu sauti ile ya upole ilisema, "Na kule stoo, ulikuwa ukilala vizuri?"

Mikono ya Mwanakombo ilisita.

"Mama, mbona hujibu?" Raiye aliuliza.

"Stoo gani?" Mwanakombo alisema taratibu.

"Tunakamilisha kumbukumbu zako tu," sauti ikajibu. "Saa nane mchana mtakuwepo nyumbani, wewe na mtoto?"

Habari za stoo ile walizijua watu wawili duniani, yeye na tajiri wake. Mwanakombo alikitazama kisanduku, akajilazimisha kutabasamu.

"Ndiyo," alisema, "tutakuwepo."

Akamvalisha Raiye viatu haraka, akamshika mkono, akaelekea naye uani. Hakuchukua hata mkoba.

Nyuma yao sauti iliuliza, kwa upole uleule, "Mnakwenda wapi kwa mlango wa nyuma?"