Kitenge cha Pasaka

Nilipoinua pasi ya mkaa, kitenge cha mama cha Pasaka kilikuwa kimeungua, tundu jeusi katikati. Nilikuwa na miaka tisa, na pasi nilishakatazwa kuigusa.

Pale nyumbani Kumasi, mwaka 1954, kupiga pasi ilikuwa kazi ya bibi yangu, Nana Serwaa. Kila Jumamosi alipuliza makaa, akanyunyizia nguo maji kwa vidole, nami nikimtazama kwa wivu.

Mama akaingia akinusa moshi. “Nani kaniunguzia kitenge?”

“Nana,” nikasema.

Kumbe Nana alikuwa mlangoni, ndoo ya maji mkononi. Alinitazama kwa muda mrefu.

“Ni mimi, mwanangu,” akamwambia mama. “Macho yameanza kunihadaa.”

“Basi mama, pasi iache kuanzia leo. Utatuchomea nyumba!”

Jumamosi iliyofuata mama alipiga pasi mwenyewe. Nana alikaa uani kwenye kigoda, mikono imelala mapajani kama ya mgeni. Nikamsogelea, machozi yakinilengalenga.

“Usilie, mjukuu wangu,” akasema, akinimegea ndizi ya kuchoma. “Kula, ingali moto.”

Nikala. Mama nilimwambia ukweli siku tuliyomzika Nana.