Mkalimani wa Athanase

Kila Jumamosi Athanase alifika wa kwanza, akampangia mkalimani wake kiti, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati, kisha akakigeuza cha kwake na kukaa akimpa mgongo.

Darasa lilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi ya ustawi wa jamii, si mbali na Albert Park. Wanafunzi walikuwa watu wazima, wote wamepatikana na hatia ya kuendesha gari wakiwa wamelewa na kugonga watu. Mahakama iliwaambia wachague: masomo au jela. Mwalimu wao, Bi Naicker, Mhindi wa hapo hapo Durban, alifundisha kwa Kiingereza na Kizulu kidogo. Athanase alitoka Bukavu na Kiswahili chake na Kifaransa chake, hapo hakuambulia kitu. Ndiyo maana akatafutiwa mtu.

Padri alipolitangaza jambo hilo baada ya misa, Wakongo wote walitazama viatu vyao. Athanase alikuwa ameua mtu kwa gari, nani ataka kukaa naye? Akainuka Mama Mireille, msusi wa saluni, ambaye Kiingereza alikiokota kwa wateja. Padri akamwita pembeni, akamwuliza mara mbili kama amefikiri vizuri. Akasema amefikiri.

Majirani walimsema sana. "Mulevi yule umutumikie bure, juu ya nini, Mama?" Hakubishana nao. Aliwajibu tu kwamba anataka kusikia mpaka mwisho.

Haya, mtu akikufanyia hivyo, si utamshukuru? Athanase wapi. Walikaa jengo moja, na lifti ikija na Mama Mireille yumo, yeye alipanda ngazi. Wakitoka darasani, mama alitembea upande huu wa barabara, yeye upande ule. Akilazimika kumsemesha alisema "Mama," basi, macho chini. Watu waliona ni kiburi tu.

Bi Naicker naye hakupendezwa na mgongo ule. Alimwambia ageuke, amheshimu anayemsaidia. Athanase akajibu kwamba anasikia vizuri zaidi akikaa hivyo. Mama Mireille alilitafsiri hilo pia, na sauti yake haikupanda wala kushuka.

Alitafsiri kila kitu namna hiyo. Pombe inavyokaa kwenye damu. Jicho linavyochelewa kuona, na mguu unavyochelewa zaidi kukanyaga breki. Kwamba kahawa haimtoi mtu ulevi. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa na uhai: vilisuka nyuzi za ukingo wa mtandio wake mweusi, misuko midogo midogo, vikaifumua, vikaanza upya. Wala si kwamba alimhurumia Athanase. Hakuwa na huruma naye, hakuwa na hasira. Ndani mlikuwa na ganzi tupu.

Bi Naicker alimpenda. Siku ya kwanza alimwuliza jina, akaambiwa Mama Mireille, kama anavyoitwa na kila mtu, na tangu siku hiyo ikawa Mireille, funga dirisha, Mireille, mwulize kama ameelewa.

Kilichomkwamisha Athanase kilikuwa kitu kidogo. Kabla ya kumaliza masomo, kila mwanafunzi alitakiwa asimame, aeleze alichofanya, na amtaje kwa jina mtu aliyemgonga. Bi Naicker hakupewa majina na mahakama, na hakuyataka. Alitaka yatoke vinywani mwao. Njoroge, Mkenya wa Morningside, alimtaja mlinzi aliyevunjwa miguu na gari lake, akalia mpaka akapewa maji. Wengine wote walishataja.

Athanase alieleza yote. Sherehe ya ubatizo aliyotoka, bia alizokunywa, robot, taa ya barabarani, iliyokuwa nyekundu yeye akaiona kijani, na mtu aliyekuwa akivuka. Akifika kwenye jina, anafunga mdomo.

Jumamosi ya mwisho Bi Naicker alisema amechoka kusubiri. Jina lisipotajwa leo, Jumatatu anamrudisha kwa hakimu, na hakimu alishasema kinachofuata ni jela. Mama Mireille akalitafsiri. Athanase aliitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongoni, na kule nyuma mama aliliona.

Akasimama, akaanza tena. Ubatizo, bia, robot. Mama akafuata nyuma yake kwa Kiingereza, neno kwa neno. Kisha wakafika kwenye jina. Nje gari lilipiga honi. Njoroge alikohoa. Bi Naicker alifunua kalamu yake na kuvuta faili.

Vidole vya Mama Mireille vikaacha kusuka. Kwa mara ya kwanza katika darasa lile alisema neno lake mwenyewe, si la kutafsiri.

"Geuka," alimwambia kwa Kiswahili.

Athanase hakutaka. Ilionekana mabegani kwamba hataki. Lakini aligeuka, polepole, mpaka wakatazamana uso kwa uso.

"Mireille," alisema.

Bi Naicker alishusha pumzi. "Mwambie asikuite wewe," alimwambia mkalimani. "Hapa huwezi kumsaidia. Nataka jina la aliyekufa."

Mama Mireille hakumtafsiria Athanase maneno hayo. Alikuwa bado anamtazama.

"Ameshalitaja," alisema.