Kikombe cha Maji ya Moto

"Injini imeungua na wewe umeshika usukani! Mshale wa joto hukuuona?" Mama Nasra alimfokea dereva wake mbele ya gereji nzima.

"Haki ya Mungu, mama, haukupanda," akasema Mzee Mlekwa.

"Basi kesho utafute kazi kwingine."

Mzee alikuwa amemwendeshea gari miaka kumi na miwili.

Fundi akafungua sensa, kile kidude kinachoupelekea mshale habari za joto, akakitumbukiza na waya wake kwenye kikombe cha maji yaliyotoka kuchemka. "Washa swichi, mzee."

Mlekwa akageuza ufunguo. Mshale ukalala palepale kwenye baridi.

"Maji yenyewe yamepoa hayo!" Mama Nasra akatia kidole, akakichomoa mbio. Akamgeukia dereva wake, kidole kingali mdomoni.